Anachagua cha Kusikia

Maneno yalikuwa matatu tu, na mpimaji wa masikio aliyaandika bila kuinua kalamu: "Anachagua cha kusikia." Aliyaandika chini ya chati ya mke wa kaka yake, akagonga muhuri, akaikunja karatasi na kuitia kwenye bahasha ya kiwanda. Halafu akamwita mgonjwa mwingine. Hata kiti hakikuwa kimepoa.

Mpimaji huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia katika chumba kimoja mwishoni mwa korido ya hospitali. Ndani mlikuwa na kibanda cha mbao kilichozibwa kwa sponji pande zote, chenye kiti kimoja na dirisha la kioo, na nje ya kibanda mashine ambayo vitufe vyake vilikuwa vimefutika namba kwa kubonyezwa. Mgonjwa alivaa visikizi vya masikioni, akaletewa milio myembamba mmoja mmoja, na kila aliposikia alibonyeza. Mpimaji alitia nukta kwenye chati. Nukta zikikaa juu, sikio zima. Zikishuka, sikio bovu. Aliiamini chati kuliko alivyomwamini mtu yeyote. Ulimi wake ulijulikana hospitali nzima. Manesi walisema ukiingia kwake na ugonjwa mmoja utatoka na miwili, wa sikio na wa roho.

Wifi yake alifanya kazi kiwanda cha vinywaji. Miaka kumi na tano alisimama mbele ya mkanda wa chupa akizitoa zenye ufa, na chupa zile zilipita zikigongana kutwa nzima, mlio wa kukwaruza meno. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba sauti anazisikia ila maneno hayashiki. Watu wakiwa wengi, kila mtu anakuwa kama anaongea huku mdomo umejaa. Aliambiwa ni uchovu. Siku moja mwenzake aliingiza mkono kwenye mkanda kutoa kigae kilichokwama, mkanda ukaanza kumvuta, akapiga kelele usimamishwe. Kitufe cha kusimamisha kilikuwa upande wa wifi, na wifi alikuwa amempa mgongo, hatua nne tu. Hakugeuka. Mwenzake akapoteza vidole viwili.

Alisema hakusikia. Kiwanda kikampeleka hospitali apimwe, na chati yake ikatoka safi kama ya msichana wa miaka kumi na tano. Kwa hiyo chati haikuwa na hila. Hila ilikuwa kwenye yale maneno matatu. Msimamizi wa zamu aliyasoma kwa sauti kantini, wafanyakazi wote wakiwa wamekaa, na siku ileile wifi akafunga virago. Kuanzia hapo walimwita Mama Chaguo, na waliokutana naye barabarani walivuka wakapita upande wa pili.

Kwa nini mpimaji aliyaandika? Yeye mwenyewe alijua. Siku waliyomzika mama yao, nyumba ilijaa watu, sahani zinagongana, watoto wanalia, na yeye miguu yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Alimsogelea wifi, akamwambia kwa sauti ya chini amshike mkono. Akarudia. Mara ya tatu akamwomba, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kuomba kitu, na wifi akaendelea kupanga vikombe, mgongo umemgeukia, mbele ya ndugu wote. Jirani ndiye aliyemdaka asianguke. Jambo lile lilimkaa kooni. Hakumwambia mtu, hata kaka yake, ambaye alijua tu kwamba mkewe na dada yake hawaivi chungu kimoja na alikuwa amechoka kuuliza sababu.

Miaka miwili baada ya karatasi ile, alikuja pale hospitali daktari mtafiti, mwanamume mwenye miwani minene na adabu nyingi kiasi cha kuudhi. Alikusanya watumishi awaeleze kilichomleta. Mpimaji alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, tayari kumkosoa.

Daktari alichora ubaoni konokono wa ndani ya sikio, kijibomba kilichojisokota ambamo sauti hupokelewa, kisha akachora chembe moja yenye vinywele, na kutoka kwenye chembe hiyo nyuzi nyingi za mshipa wa fahamu zinazopeleka sauti kwenye ubongo. Kila uzi, alisema, umeshikana na chembe kwa kiungio kidogo mno. Kelele za miaka zinaweza kuacha chembe zikiwa hai ila zikaviua viungio, nyuzi zikaachia. Mlio mwembamba kwenye chumba kimya unahitaji nyuzi chache tu kufika, ndiyo maana mtu wa namna hiyo akipimwa kwa mlio anaonekana mzima. Lakini neno katikati ya kelele linahitaji nyuzi nyingi. Zikiwa zimeachia, mtu anasikia sauti na hapati neno.

"Kwa hiyo chati inaweza kusema mzima," daktari alisema, "na mgonjwa akasema sisikii, na wote wawili wakawa wanasema kweli."

Mpimaji aliishusha mikono yake. Aliona vikombe, aliona mgongo wa wifi, akasikia upya makelele ya nyumba ile. Akili yake ilielewa palepale. Moyo ukagoma. Chuki aliyoilea miaka yote hiyo haikuwa na mahali pa kwenda, ikabaki palepale ilipokuwa, tena ikapata hasira mpya ya kuonekana haina sababu.

Daktari akaendelea. Mwili una protini zake, vichocheo vya ukuaji, ambazo huziambia nyuzi za mshipa zikue na zishikane tena. Kwa wanyama wa maabara, protini hizo zilipofikishwa karibu na konokono wa sikio, baadhi ya viungio vilirudi. Sasa walitaka kujaribu kwa watu: protini inachanganywa na jeli, inapitishwa kwa sindano nyembamba kwenye ngoma ya sikio, sikio moja tu. Nusu ya wagonjwa watapata dawa, nusu jeli tupu, na hakuna pale hospitali atakayejua nani kapata nini mpaka mwisho. Kurudi kwa kiungio si kurudi kwa ujana, alionya, na wengine wasingeona tofauti yoyote. Alichohitaji kwanza ni mafaili: watu wenye chati safi na malalamiko yasiyoisha.

Mpimaji alimpelekea mafaili thelathini na manane. La thelathini na tisa alilitia kwenye droo ya chini, akaweka juu yake boksi la glovu.

Hila hiyo haikufika mbali. Daktari alibandika tangazo langoni: Unasikia sauti lakini hushiki maneno? Wiki ya pili, saa tatu asubuhi, mpimaji aliinua macho akamkuta wifi amesimama mlangoni, amekonda, mkoba ameubana kwapani. Daktari alikuwa pembeni akipanga karatasi. Akamkaribisha kwa adabu yake yote, akamuuliza kama amewahi kupimwa hapa.

"Ndiyo," wifi alisema. "Muulize huyu."

Mpimaji angeweza kusema faili limepotea. Mafaili hupotea kila siku. Alikutana na macho ya wifi, akaona kwamba wifi alikuwa anausubiri uongo huo, ameshauandalia jibu, na angefurahi kuupata. Hilo ndilo lililomwinua kwenye kiti, zaidi ya dhamiri. Akafungua droo, akaondoa boksi la glovu, akalitupa faili mezani.

Daktari alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akauliza nani kaandika mstari wa mwisho.

"Mimi."

"Kwa kipimo gani?"

Mpimaji alirudisha boksi la glovu kwenye droo. Wifi alivuta kiti akakaa, kama mtu aliyefika sinema kwa wakati.

Kabla ya dawa ilibidi apimwe upya, kwa maneno ndani ya kelele, na mpimaji alikuwa mmoja tu pale. Wifi akaweka masharti. Sauti ya mpimaji hataki kuisikia masikioni mwake, maneno yatoke kwenye kanda. Majibu yaandikwe na watu wawili. Akaitwa nesi wa zamu, mama mmoja mrefu mwenye usingizi mwingi, akapewa karatasi na kalamu.

"Wa nini huyu?" mpimaji aliuliza.

"Shahidi," wifi alisema. "Wewe mkono wako naujua."

Akaingia kibandani. Kanda ikaanza, vurumai ya watu wengi wanaoongea, na juu yake sauti moja ikitaja neno. Pembe, ilisema kanda. "Chembe," alisema wifi. Bata. "Kata." Kwa lingine alinyamaza tu, akitazama mbele kwa macho makavu. Kati ya maneno ishirini na tano alipata manane. Mpimaji alikuwa amewapima maelfu ya watu, na hakukumbuka kama aliwahi kumtazama mtu usoni akiwa ndani ya kibanda kile. Siku zote alitazama vitufe. Sasa alimtazama, na alichokiona hakikumlainisha. Kilimuudhi. Mtu anayeumia kweli ni adui mgumu kuliko anayejifanya.

Sindano ilichomwa sikio la kulia. Wifi alilala kwa ubavu nusu saa, akanyanyuka, akaondoka bila kuaga.

Mwezi wa kwanza alipata manane. Jioni ile kaka yake mpimaji alifika kwa dada yake, akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza kwa nini namba haipandi. Alijibiwa kwamba dawa si rangi ya ukuta, ukipaka leo uone leo. Akauliza kama ni kweli aliandika yale maneno kwa makusudi. Dada akasema ndiyo. Kaka akasema kwamba kiwanda kilipotaka mkewe apimwe, yeye ndiye aliyemshawishi achague hospitali ile, kwa kuwa pale kuna ndugu. Kisha akachukua kofia yake. Chai aliyowekewa hakuigusa.

Mwezi wa tatu alipata kumi na mbili. Nesi mrefu alihesabu mara mbili, usingizi ukamtoka. Daktari alikataza mtu yeyote kushangilia. Hata jeli tupu, alisema, huweza kumpa mtu matumaini yakasikia badala ya masikio. Ndiyo maana hupima sikio la kushoto pia, lisilochomwa kitu. La kushoto lilibaki palepale kwenye manane.

Mwezi wa sita mpimaji alifika chumbani kwake kabla ya watu wote. Alikuwa ameanza kuitaka namba ile ipande, si kwa kumpenda wifi, bali kwa sababu ikipanda lile deni la maneno matatu lingepungua uzito. Kanda ikaenda. Wifi akajibu, anakosa, anapata, anapata tena. Kwenye neno la ishirini na mbili kanda ilisema tembe. Wifi alisita muda mrefu, akasema, "Tembe," kwa sauti ya kuuliza. Mpimaji akaweka alama ya kupata. Nesi naye akaweka.

Mlango wa kibanda ukafunguliwa. Wifi alitoa kichwa, visikizi shingoni.

"Hilo futa. Sikusikia, nimeotea."

"Umesema sawasawa," mpimaji alisema. "Kanuni ni kuandika ulichosema."

"Nimekuona kwenye kioo ulivyofurahi. Miaka miwili na nusu umeniandika mwongo, leo usiniandike mzima kwa huruma. Futa."

Nesi mrefu alitazama huku na huku. Kanuni ilikuwa upande wa mpimaji, lakini daktari alipoitwa alisema neno lile libadilishwe kwa lingine kutoka kwenye orodha ya akiba. Kanda ikasema shoka. "Shoka," wifi alijibu papo hapo, akamtazama mpimaji kupitia kioo mpaka mpimaji akainamisha macho.

Alipata kumi na saba.

Majaribio yalipofungwa, bahasha zilifunguliwa. Wifi alikuwa amepata dawa. Kati ya wagonjwa ishirini na wawili, waliopata dawa walikuwa kumi na mmoja. Watano walipanda kwa namna isiyoweza kuitwa bahati, sita hawakusogea, na daktari hakujua bado kwa nini. Alimwonyesha wifi mawimbi ya mshipa wa fahamu yaliyopimwa kwa waya kichwani, la mwanzo limelala, la sasa limeinuka kidogo. Akasema viungio hawezi kuviona kwa mtu aliye hai, ila kila dalili inaonyesha baadhi vimeota upya. Wifi alisikiliza akiwa amemgeuzia sikio la kulia. Halafu akamwambia asante, akaenda moja kwa moja mpaka mezani kwa mpimaji.

"Sasa andika," alisema.

Mpimaji aliandika barua kwa kiwanda. Aliandika kwamba kipimo cha kwanza hakikuwa na uwezo wa kuona ugonjwa aliokuwa nao mfanyakazi, na kwamba huenda siku ya ajali kweli hakusikia. Wifi alisoma akifuata mistari kwa kidole.

"Ondoa huenda."

"Mimi sikuwepo siku ya ajali."

"Na ulipoandika kwamba nachagua, siku ya ajali ulikuwepo?"

Akaondoa huenda. Wifi akasoma tena, akasema yale maneno matatu hayamo. Mpimaji akasema kwamba barua nzima inayafuta. Wifi akasema anataka yaandikwe kama yalivyo, na chini yake iandikwe kwamba hayakutokana na kipimo chochote. Mpimaji aliinua kalamu, akaiweka, akaiinua tena. Mkuu wa hospitali angeiona nakala. Miaka ishirini na minane ya kazi. Akaandika, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

"Nitaituma kesho."

"Hutumi," wifi alisema. "Utaenda kuisoma."

Kaka yake mpimaji ndiye aliyewapeleka kiwandani, akiendesha gari huku nyuma yake wanawake wawili wakitazama madirisha tofauti. Msimamizi wa zamu alitaka barua ipokelewe ofisini, imalizwe kiungwana. Wifi hakukaa. Alisema karatasi ile ya kwanza haikumalizwa ofisini. Saa ya kubadilishana zamu mpimaji alisimama kantini, na kwa kuwa mlango wa kwenda kwenye mkanda ulikuwa wazi, chupa zilimpigia kelele kichwani mpaka akahisi fizi zinawasha. Aliinua sauti. Alisoma barua yote, pamoja na maneno yake matatu na mstari uliofuata, na aliposhusha karatasi aliona watu wanamtazama kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Mzee mmoja aliuliza jambo. Mpimaji hakulipata, akauliza amesemaje, mzee akarudia, hakulipata tena. Watu wawili watatu walicheka, kicheko kisicho na urafiki.

Yule mwenzake wa ajali alikuwa amekaa meza ya mwisho. Alisimama, akapita katikati ya watu mpaka karibu na wifi, upande wa kulia. Hakupaza sauti. Chupa zilikuwa bado zinapita.

"Vidole vyangu havirudi kwa karatasi," alisema.

Wifi alikuwa hamtazami midomo. Alikuwa ametazama sakafu.

"Nimesikia," alisema.

Yule mwanamke alimwangalia kwa muda. Wote wawili walielewa kilichotokea, na hakuna aliyetabasamu. Akageuka akaenda kuvaa aproni yake.

Kiwanda kilimwita wifi arudi, si kwenye mkanda, bali stoo, mahali pa kimya. Alikubali kwa sharti kwamba kila anayesimama mbele ya chupa agawiwe vizibo vya masikio, na alipoona vimegawiwa akafanya kazi mwezi mmoja, akaacha. Alisema alitaka kuondoka kwa miguu yake mwenyewe. Sasa anauza vitambaa kwenye duka la dada yake, mtaa wenye makelele, na wateja hujifunza kusimama upande wake wa kulia.

Mpimaji alipewa barua ya onyo na mkuu wa hospitali, akabaki na kazi kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua. Kila mgonjwa anayetoka viwandani siku hizi humpima kwa maneno ndani ya kelele, hata kama chati ni safi, hata kama foleni inanung'unika. Ulimi wake haujapungua makali. Siku ya mazishi ya mama yao hajamweleza mtu. Aliwahi kufika karibu kumwambia wifi, wakiwa wawili tu koridoni, akaona itakuwa ni kuomba msamaha kwa mlango wa nyuma, akameza.

Mwaka mmoja baada ya dawa, wifi aliitwa apimwe. Nesi mrefu alikuwepo na karatasi yake. Kulia alipata kumi na tano. Mpimaji alimwambia bila kuipamba namba, kwamba imeshuka kwa mbili, kwamba daktari hajui kama itaendelea kushuka au itatulia. Wifi alivua visikizi, akavitundika mwenyewe mahali pake.

"Na la kushoto lini?"

"Hakuna awamu ya pili. Hawajaleta dawa nyingine."

"Umewauliza?"

Mpimaji alikiri kwamba hajauliza.

"Basi waandikie," wifi alisema, akavuta kiti, akakaa akisubiri. "Kalamu si unayo?"